Mbegu za Maua Katika Bahasha: Somo la Majira ya Kuchipua

Mwezi huu twataka kujifunza pamoja jambo dogo sana, ambalo mtu aweza kulitia katika bahasha na kulipeleka kwa stempu moja. Katika nchi za kaskazini, baridi inapokaribia kwisha, watu wengi hupelekeana mbegu za maua kwa posta. Bibi humpelekea mjukuu wake aliye mji wa mbali, jirani aliyehama humpelekea jirani yake wa zamani, na wenye bustani hupelekeana mbegu walizozivuna kwa mikono yao mwaka uliopita. Barua yenyewe huwa fupi, labda mistari miwili mitatu, kwa kuwa mbegu ndizo zinazosema. Nazo zasema hivi: Baridi imekwisha, panda, nawe utukumbuke zitakapochanua.

Labda mtu wa kwetu atauliza: Je, maua ni chakula? Mbona watu wazima wajisumbue kwa ajili yake, na kulipa nauli ya posta juu yake? Swali hili ni la haki, nasi hatutalicheka. Lakini twajibu kwamba katika mfuko mdogo wa mbegu mna mambo makubwa kuliko tunavyodhani. Liko ua moja la milima ya Usambara lililofika Ulaya kwa njia hii, na leo lakaa madirishani katika nyumba za dunia nzima. Tena liko ua jingine lililochukuliwa kutoka nchi hata nchi kwa ajili ya uzuri wake tu, nalo likafunga bandari za ziwa letu kubwa. Basi yafaa tulijue jambo hili vema, furaha yake na hatari yake pia.

1. Majira ya kuchipua ni nini?

Sisi tukaao karibu na ikweta twahesabu majira kwa mvua na upepo. Tuna masika, tuna vuli, tuna kipupwe na kiangazi. Mkulima wetu hutazama mawingu, akayaona yamekusanyika, hushika jembe. Lakini watu wa kaskazini huhesabu majira kwa jua. Huko Berlin, mwezi wa Desemba, mchana hautimizi muda wa saa 8, na jua lenyewe hupita chini, karibu na ukingo wa mbingu, bila nguvu. Udongo hugandamana kwa baridi, miti mingi husimama bila jani hata moja, na mbegu iliyotiwa ardhini hailoti wala haisogei.

Kisha siku huanza kurefuka kidogo kidogo. Tarehe 20 au 21 Machi mchana na usiku hulingana. Tangu hapo mchana huuzidi usiku, hata mwezi wa Juni mchana wa Berlin hukaribia muda wa saa 17. Theluji huyeyuka, ardhi hulegea, na machipukizi hutokea juu ya matawi yaliyoonekana kama yamekufa. Ndiyo majira ya kuchipua. Mtu aliyekaa miezi mitano ndani ya nyumba, karibu na moto, hulitazama jani la kwanza kama vile mtu wa Dodoma anavyolitazama tone la kwanza la mvua baada ya kiangazi kirefu. Tukilifahamu hilo, hatutashangaa tena kwamba watu hawa wafanyia maua sikukuu.

Hata Pasaka yaambatana na majira hayo. Kanisa la magharibi huihesabu kuwa ni Jumapili ya kwanza baada ya mwezi mpevu uangukao tarehe 21 Machi au baadaye. Kwetu sisi Pasaka huja pamoja na mvua za masika. Kwao huja pamoja na maua ya kwanza. Kwa hiyo watu wengi wa huko hutia mbegu katika barua ya Pasaka, na watoto hupewa kopo la udongo wapande dirishani.

Lakini mwenye busara haingoji Pasaka. Mbegu hupelekwa mapema, tangu mwezi wa Januari hata Machi, kwa sababu maua mengine lazima yaanze kuoteshwa ndani ya nyumba penye joto, ndipo miche itolewe nje baridi kali ikiisha kupita. Mbegu ichelewayo ni kama mgeni afikaye baada ya karamu.

2. Kwa nini mbegu yaweza kusafiri?

Ukilipeleka ua lenyewe katika barua, litafika limenyauka. Ukipeleka mche, utafika umevunjika. Bali mbegu yafika nzima. Sababu yake ni nini?

Ndani ya kila mbegu mna mambo matatu. La kwanza ni mmea mchanga, mdogo sana, wenye mzizi wake na shina lake. La pili ni chakula cha kuulisha mmea huo hata utakapoweza kujilisha kwa jua. La tatu ni ganda la kuulinda. Mbegu ikikomaa, hupoteza karibu maji yake yote, na uhai uliomo hulala. Haujafa, hupumua kidogo mno, nao wangoja mambo ambayo mwenyewe ameumbiwa kuyangoja: maji, hewa, na joto lililo kiasi chake. Mbegu nyingine hungoja na mwanga, na nyingine za nchi za baridi hazikubali kuamka zisipopitiwa kwanza na majuma kadha wa kadha ya baridi. Kwa njia hiyo hazidanganyiki kuota wakati wa vuli ya Ulaya, zikauawa na theluji.

Usingizi huo waweza kuwa mrefu ajabu. Mwaka 1879 mwalimu mmoja wa mimea wa Michigan katika Marekani, jina lake William Beal, alizika chupa 20 chini ya ardhi. Katika kila chupa alitia mchanga na mbegu za aina 21 za mimea, mbegu 50 za kila aina. Akaagiza chupa zifukuliwe moja moja, baada ya muda mrefu kati ya moja na nyingine, ili ijulikane mbegu hukaa hai miaka mingapi. Yeye alikufa mwaka 1924, na wengine wakaishika kazi yake. Mwaka 2021 chupa moja ilifukuliwa, zaidi ya miaka 140 baada ya kuzikwa, na baadhi ya mbegu za mmea mmoja wenye maua ya manjano zikaota. Wote waliokuwa hai siku ya kuzikwa kwake walikuwa wamekwisha kufa, lakini mbegu zilikuwa bado zangoja.

Jambo la pili ni udogo wake. Mbegu za ua liitwalo begonia ni kama vumbi. Gramu moja tu yachukua mbegu zaidi ya 50,000. Alizeti ina mbegu kubwa, nazo hata hivyo mtu aweza kuzitia kumi katika bahasha bila kuongeza nauli. Basi kitu kilicho hai, kilicho chepesi, kisichohitaji maji wala chakula njiani, ni kitu gani kingefaa zaidi kwa mfuko wa posta?

3. Jinsi posta ilivyoichukua bustani

Hapo kale barua ilikuwa ghali. Mwaka 1840 Uingereza ilianza kutumia stempu ya peni moja, na barua nyepesi ikaweza kufika popote katika nchi ile kwa bei hiyo moja. Mwaka 1874 wajumbe wa nchi 22 walikutana mjini Bern katika Uswisi, wakapatana kwamba barua ipitie nchi zote kana kwamba zote ni nchi moja. Kutoka patano hilo umetoka Umoja wa Posta Duniani, uliopo mpaka leo. Tangu siku zile mwuza mbegu aliweza kukaa katika duka moja na kuwahudumia wakulima wa dunia nzima.

Katika Ujerumani, nchi ya Wadachi kama wazee wetu walivyoiita, mji uliopata sifa kwa kazi hiyo ni Erfurt. Wasomaji wetu wanalijua jina hili kwa sababu nyingine, kwa kuwa huko ndiko Martin Luther alikoingia nyumba ya watawa mwaka 1505. Lakini watu wa bustani wanaujua kwa maua yake. Bwana Christian Reichart, aliyeishi tangu 1685 hata 1775, aliwafundisha watu wa mji huo ukulima wa bustani kwa maandiko na kwa matendo. Mwaka 1843 Ernst Benary akaanzisha huko nyumba yake ya kuzalisha na kuuza mbegu. Wauzaji wa mji huo walipiga chapa orodha za mbegu zao, wakazipeleka kwa posta; mnunuzi akachagua nyumbani kwake, akaandika barua, na mbegu zikamjia mlangoni.

Katika Marekani serikali yenyewe ilishika kazi hiyo. Mwaka 1839 bunge lilitoa dola 1,000 kwa ofisi moja ya serikali, ili ikusanye habari za ukulima na kuwagawia watu mbegu. Kazi ikakua, na kwa miaka mingi wajumbe wa bunge waliwapelekea watu wa majimbo yao mifuko ya mbegu za mboga na za maua bure kwa posta. Desturi hiyo ilikoma katika miaka ya 1920. Wauza mbegu hawakuipenda, maana ni nani atakayenunua kitu apewacho bure? Lakini watu wengi wa mashambani walipata maua yao ya kwanza kwa njia hiyo.

Tena mbegu zilisafiri na kwa njia ya kurudi, kutoka kwa watu wadogo kwenda kwa wakubwa. Kampuni ya Burpee ya Philadelphia, iliyoanzishwa mwaka 1876, ilitamani sana kupata ua la tagetesi lililo jeupe kabisa, kwa maana tagetesi huwa ya manjano au ya rangi ya machungwa. Mwaka 1954 ikatangaza zawadi ya dola 10,000 kwa mtu yeyote atakayeleta mbegu za namna hiyo. Watu wakapanda, wakachagua lile lililopauka kuliko mengine, wakatunza mbegu zake, wakapanda tena, mwaka baada ya mwaka, na bahasha zao zikaja kwa posta. Zawadi ilitolewa mwaka 1975, baada ya miaka 21, naye aliyeipata alikuwa mama mmoja wa jimbo la Iowa, mwenye bustani yake nyumbani. Aliyejaribu kwa mwaka mmoja hakupata kitu; aliyevumilia alipata.

4. Ua la Usambara

Sasa twafika kwetu. Mwaka 1892 mkuu wa serikali ya Wajerumani katika wilaya ya Tanga alikuwa Walter von Saint Paul-Illaire. Mtu huyo aliijua lugha yetu, hata mwaka 1890 alikuwa ametoa kitabu cha kuwafundisha Wajerumani Kiswahili. Katika milima ya Usambara aliona mmea mdogo, ulioota katika nyufa za miamba penye kivuli na unyevu. Majani yake yalikuwa na manyoya laini kama mahameli, na maua yake yalikuwa ya rangi ya urujuani yenye kitovu cha manjano. Akampelekea baba yake mmea huo, maana mzee huyo alikuwa na bustani huko Fischbach katika Silesia, mahali ambapo leo ni nchi ya Poland.

Mzee akampa Hermann Wendland, mkuu wa bustani za Herrenhausen mjini Hannover. Wendland akautunza, ukachanua, naye mwaka 1893 akauandika katika elimu na kuuita Saintpaulia ionantha. Jina la kwanza ni la heshima kwa baba na mwana. La pili ni la Kiyunani, maana yake wenye maua kama urujuani. Mwaka huo huo ulionyeshwa katika maonyesho makubwa ya maua mjini Ghent, Ubelgiji, na watu wakastaajabu. Nyumba ya Benary ya Erfurt ikapata kuzizalisha mbegu zake na kuziuza. Hivyo mbegu za mwamba wa Usambara zikaingia katika orodha, na kutoka orodha zikaingia katika bahasha.

Miaka zaidi ya 30 baadaye, karibu na 1926, wakulima wa maua wa Los Angeles waliagiza mbegu kutoka kwa Benary na kutoka Uingereza. Wakaotesha miche mingi, wakachagua kumi iliyo mizuri, na kutoka hiyo kumi wakatoka maelfu ya aina za leo: nyeupe, nyekundu, zenye pindo, zenye petali nyingi. Wajerumani mpaka leo waliita ua hili urujuani wa Usambara. Mwanamke wa Berlin aliye na kopo lake dirishani hutamka jina la milima yetu, hata kama hajui iko wapi. Nao wenye elimu ya mimea, tangu mwaka 2015, wamelihamisha katika ukoo uitwao Streptocarpus, lakini jina la Saintpaulia bado latumika sana madukani na majumbani.

Wapendwa, hapa ndipo penye neno zito la somo letu. Ua lililo na wana mamilioni katika nchi za baridi, nyumbani kwake lina shida. Mmea huu wahitaji kivuli cha miti mikubwa. Miti ikikatwa, jua hupiga mwamba, unyevu hukauka, nao hufa pale pale uliposhikilia. Aina nyingine hukaa katika kilima kimoja tu au bonde moja tu, kama ile ya milima ya Taita katika Kenya. Bonde likichomwa moto, hakuna mahali pengine pa kuitafuta. Baadhi ya jamaa za ua hili zimehesabiwa kuwa katika hatari ya kupotea kabisa. Wala yale ya madirishani hayatoshi kuziba pengo, kwa kuwa yametoka katika mbegu chache za mahali pachache, na mengi ya yale yaliyobaki milimani hayajulikani kwa bustani yoyote.

Na tusidhani kwamba habari hii ni ya maua tu. Msitu unaolitia ua kivuli ndio unaotunza maji ya mto Sigi, ambayo watu wa mji wa Tanga huyanywa. Ua likikauka juu ya mwamba, lawaambia watu wa bondeni na wa pwani kwamba chemchemi nayo yapungua. Mwaka 1997 msitu wa Amani ulitengwa kuwa hifadhi ya mimea na wanyama, na wenyeji wengi wa vijiji vya jirani husaidia kuulinda. Kazi hiyo ni njema kuliko kuuza miche elfu.

5. Zawadi iliyogeuka kuwa mzigo

Tumesema kwamba mbegu ni zawadi iliyo hai. Kitu kilicho hai hakikai pale ulipokiweka. Kikombe ukimpa rafiki yako kitabaki kikombe. Mbegu ukimpa itazaa, na watoto wake watavuka ua wa nyumba bila kuomba ruhusa.

Twalijua jambo hili kwa gugumaji. Mmea huo ni wa Amerika ya Kusini, nao una ua zuri la rangi ya zambarau hafifu. Watu waliuchukua nchi kwa nchi ili kupamba vidimbwi vya bustani zao. Hakuna aliyekusudia uovu. Lakini katika miaka ya mwisho ya 1980 ulionekana katika ziwa Viktoria, na katika miaka ya 1990 ulifunika ghuba na bandari, Kisumu na Mwanza pia. Mitumbwi ilishindwa kutoka, samaki walikosa hewa chini ya zulia lile, na wavuvi walirudi na nyavu tupu. Wataalamu waliachilia fukusi wadogo waulao mmea huo, nao ukapungua sana, lakini haukwisha. Mbegu zake hulala matopeni miaka mingi, kisha huamka. Uzuri wa ua haukuwapunguzia wavuvi hasara.

Hatari ya pili ni ugonjwa. Ndani ya mbegu au juu ya ganda lake mwaweza kukaa ukungu, virusi, au mayai ya wadudu ambao macho hayawaoni. Ndiyo sababu mataifa yalifanya mapatano mwaka 1951 ya kuilinda mimea. Kwa mapatano hayo nchi hutoa cheti cha afya ya mimea, na nchi nyingine hukikubali. Nchi za Umoja wa Ulaya, tangu Desemba 2019, hazipokei mbegu za kupanda kutoka nje bila cheti hicho. Mwaka 2020 watu wa majimbo yote ya Marekani walipata kwa posta bahasha za mbegu ambazo hawakuziagiza. Serikali ikawaonya wasizipande, wala wasizitupe ovyo, bali wazipeleke kwa wakaguzi. Nasi tukipata bahasha kama hiyo, tufanye vivyo hivyo. Katika Tanzania kazi hiyo ni ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, na katika Kenya ni ya KEPHIS.

Liko na jambo la tatu, nalo ni la haki. Mapatano ya mataifa ya mwaka 1992 juu ya viumbe hai yasema kwamba kila nchi ina mamlaka juu ya mimea yake. Kwa hiyo mtu asiingie msituni Amani au Taita, akachuma mbegu za maua ya mwitu na kumpelekea rafiki wa ng'ambo bila ruhusa, hata kama rafiki huyo ni mtu mwema. Alilofanya mkuu wa Tanga mwaka 1892 leo lina sheria zake.

6. Jinsi ya kupeleka mbegu

Je, tuache basi kupelekeana? La, hasha. Ndani ya nchi yetu twaweza kupelekeana mbegu za maua ya bustani kwa furaha. Wala hatuna haja ya kungoja majira ya kuchipua ya Ulaya. Majira yetu ni mwanzo wa masika na mwanzo wa vuli. Mbegu ya zinia, ya kosmosi, ya tagetesi au ya alizeti huota vema kwetu. Maua hayo yote asili yake ni Amerika yenye jua, wala hayadai baridi kama tulipu. Asumini na waridi ni vigumu kwa mbegu. Hayo hupandwa kwa vipandikizi. Tena yafaa tushike mambo haya:

Kwanza, chagua ua lililo zuri kuliko yote, na mmea usio na ugonjwa. Usilichume, liache likauke juu ya shina lake.

Pili, zianike mbegu kivulini, juu ya karatasi, siku kumi au kumi na nne. Jua kali laweza kuzidhuru, na mbegu yenye unyevu huota ukungu njiani.

Tatu, zijaribu kabla ya kuzipeleka. Weka mbegu kumi katika kitambaa chenye maji, ukikunje, ukiweke mahali penye joto. Baada ya juma moja au mawili hesabu zilizoota. Zikiwa nane, mbegu ni njema. Zikiwa mbili, usimtie mwenzako kazi ya bure.

Nne, zitie katika mfuko wa karatasi, si wa plastiki, uufunge vema. Uzungushie karatasi nyingine, maana mashine na mihuri ya posta huponda mbegu zilizo kubwa.

Tano, andika juu ya mfuko jina la ua, mahali lilipovunwa, na mwezi na mwaka. Mbegu isiyo na jina ni kama mtoto aliyepotea sokoni.

Sita, andika na jinsi ya kupanda: kina chake, nafasi yake, jua au kivuli. Mbegu ndogo kama vumbi hazifukiwi, hunyunyizwa juu ya udongo tu.

Saba, kama rafiki yako yuko nchi nyingine, uliza kwanza kwa mamlaka ya afya ya mimea. Ukikosa cheti, mpelekee barua na picha ya ua. Hizo hazidhuru shamba la mtu.

Walimu wa shule na wainjilisti waweza kulifanya jambo hili kuwa kazi ya watoto. Kila mtoto na avune mbegu za ua moja, aandike jina, apeleke kwa mtoto wa usharika mwingine, na huyo naye amjibu siku lichanuapo. Kwa kazi hiyo mtoto atajifunza kuandika barua na kusubiri, na kuutunza uhai uliowekwa mkononi mwake.

Maswali ya kujifunza

1. Kwa nini watu wa kaskazini wafurahia maua kuliko sisi? Sisi twafurahia nini kwa namna hiyo hiyo?
2. Taja mambo matatu yaliyomo ndani ya mbegu. Mbegu hungoja nini ili iamke?
3. Ua la Usambara lilipita katika mikono ya nani hata likafika madirishani mwa watu?
4. Kwa nini maua mengi ya madirishani hayatoshi kuyaokoa yale ya milimani?
5. Gugumaji na ua la Usambara yote mawili yalichukuliwa kwa ajili ya uzuri wake. Tofauti yake ni nini?
6. Katika kijiji chenu kuna mmea gani wa asili unaopotea? Nani anajua mbegu zake, naye amemfundisha nani?

Swali hili la mwisho msilijibu upesi. Waulizeni wazee, nendeni nao mahali penyewe, mkaone kwa macho yenu. Mkikuta bado mmea mmoja wenye mbegu, mtakuwa mmejifunza somo hili kuliko sisi tuliloliandika.